Bresi ya mguu baada ya kiharusi: inavaliwa kwenye kifundo ila kazi yake inafika mpaka gotini

Kiatu cha kulia cha baba ndo kilitushtua. Ilikuwa miezi miwili toka apate kiharusi, keshaanza kutembea na fimbo, nyumbani tunashangilia, halafu siku moja mdogo wangu anapiga viatu brashi akakuta cha kulia kimelika pale kwenye ncha mpaka kinakaribia kutoboka na cha kushoto kizima kabisa. Yaani kila hatua alikuwa anakwaruza chini na sisi tunaona tu mzee anatembea. Alishajikwaa kwenye kizingiti cha choo, kwenye mkeka, kwenye waya wa feni, na mara mbili akaanguka kabisa. Hospitali alikolazwa walimruhusu na dawa za presha na karatasi ya mazoezi, habari ya mguu kuburuza hakuna aliyeigusa.

Mjomba akaenda duka la dawa akarudi na ile soksi ngumu ya elastiki ya kifundo, ile wanayovaa wachezaji wakiteguka. Tukamvalisha wiki tatu. Vidole vikaendelea kukwaruza vilevile na mguu ukaanza kuvimba kwa kubanwa. Naandika hii kwa sababu najua kuna familia nyingi saa hizi ziko hapohapo tulipokuwa sisi, na maelezo mengi wanayopewa yanaishia kwenye "mfanyisheni mazoezi".

Tuanze na mguu wenyewe. Kiharusi kinapiga ubongo, mguu hauna kidonda wala mfupa uliovunjika. Upande wa kushoto wa ubongo ndo unaendesha upande wa kulia wa mwili na wa kulia unaendesha wa kushoto, hivo damu ikikatika au mshipa ukipasuka kushoto basi mkono na mguu wa kulia unakosa amri. Ule msuli wa mbele ya muundi unaoinua wayo upo palepale, neva yake ipo, ila ujumbe kutoka juu unafika kidogo au haufiki kabisa. Na kutembea hakuna nafasi kubwa ya makosa: mtu mzima wa afya akitembea, vidole vya mguu unaopita hewani vinaachana na ardhi kwa sentimita 1 hadi 2 tu, ndo maana hata wewe pindo la zulia likinyanyuka kidogo unajikwaa. Sasa wayo ukining'inia, hiyo nafasi imeisha.

Mwili hautulii hapo, unatafuta njia. Mgonjwa anapandisha nyonga ili mguu wote uinuke, au anauzungusha kwa nje kama mtu anafyeka majani, au anasimama kwa vidole vya mguu mzima ili ule mwingine upate pa kupita. Anafika anakokwenda, ila anachoka mapema sana na mgongo unaanza kuuma, na watu wanasema mzee mvivu siku hizi, kumbe kila hatua anainua mzigo ambao zamani ulikuwa unajiinua wenyewe.

Hilo ni tatizo la kwanza, kulegea. La pili linakuja taratibu, wiki kadhaa au miezi baadaye, nalo ni kukakamaa. Misuli ya shavu la mguu inaanza kujivuta yenyewe bila kuambiwa, wayo unaelekea chini na kujipinda kwa ndani, mtu anakanyagia ukingo wa nje wa mguu, na vidole wakati mwingine vinajikunja ndani ya kiatu. Wengine wana kulegea tu, wengine kukakamaa, wengine vyote viwili, na hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu kwa macho mguu wote unaonekana "umelala" lakini kifaa kinachomfaa huyu kinaweza kikamuumiza yule.

Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) aliyekuja kumsaidia baba alinionesha namna ya kutofautisha na nilishangaa ilivyo rahisi. Alimsalimia, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia mzee wangu nyoosha goti, kisha akashika kisigino na kuusukuma wayo taratibu kuelekea kwenye muundi. Ukija mpaka ukafanya pembe ya mraba bila ubishi, ni kulegea. Ukibisha, halafu akiusukuma kwa haraka unaruka au unatetemeka wenyewe mara kadhaa, ni kukakamaa. Na kama hata kwa upole na subira haufiki kwenye ile pembe, basi msuli na kano zimeshafupika, hilo ni jambo la tatu na linabadilisha kila kitu, maana ukimtengenezea kifaa cha pembe ya mraba mtu ambaye kifundo chake hakifiki huko, kisigino kitakuwa kinaelea ndani ya bresi na ngozi itachubuka. Huyo anatengenezewa kwa pembe aliyonayo, kisha anawekewa kipande chini ya kisigino kujaza pengo. Kumsukuma kwa nguvu ili "akae sawa" ni kumtesa bure.

Sasa bresi yenyewe. Mafundi wa viungo bandia wanaiita AFO, wanatamka herufi mojamoja kwa Kiingereza, ei-efu-oo. Ni kifaa kinachoanzia chini ya unyayo, kinapanda nyuma ya mguu mpaka chini kidogo ya goti, na kinafungwa kwa mikanda ya kunata. Tofauti yake na ile soksi ya elastiki ya mjomba ni kwamba soksi inazuia kifundo kisipinduke pembeni, ndo kazi yake kwa mtu aliyeteguka, haina kitu chochote cha kuushika wayo usining'inie. AFO inaushika wayo na muundi kwa pembe moja, hivo mguu ukipita hewani vidole haviwezi kuanguka, na ukishuka kinatangulia kisigino inavyotakiwa.

Ila kuna jambo lingine ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa, na ukilielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Bresi hii inaishia chini ya goti lakini inaliendesha goti. Fikiria wayo na muundi vimeganda kuwa kitu kimoja, na wayo umeelekea chini kidogo kama wa mtu aliyekakamaa. Ukimlazimisha akanyage unyayo wote sakafuni, muundi hauna pa kwenda isipokuwa kurudi nyuma, na goti linaufuata, linasukumwa nyuma kupita unyoofu wake. Utawaona wagonjwa wengi wa kiharusi, kila wakikanyaga goti linagonga nyuma. Familia inamnunulia bresi ya goti. Goti halina kosa, linasukumwa na kifundo. Sasa ukimtengenezea AFO inayozuia wayo kuelekea chini, muundi unasimama wima au unainama mbele kidogo, na goti linaacha kurudi nyuma bila hata kuguswa. Kinyume chake pia ni kweli: bresi ikimwinamisha mbele kupita kiasi na misuli ya paja ni dhaifu, goti linakatika ghafla na mtu anakwenda chini. Kwa hiyo digrii chache tu za pembe ndo tofauti ya kutembea na kuanguka, na ndo maana kifaa hiki kinatakiwa kipimwe mtu akiwa amesimama na anatembea, kumvalisha kitandani na kumwambia nenda nyumbani haitoshi kabisa.

Aina zake ziko kadhaa. Ile nyembamba yenye bamba moja nyuma ya kisigino inafanya kazi kama springi, inanesa ukikanyaga na inaurudisha wayo juu ukinyanyua, hiyo ni ya mtu aliyelegea tu, ambaye mguu haupinduki ndani na goti lake liko imara. Ile ngumu, ambayo haichezi hata kidogo kifundoni, ni ya waliokakamaa sana, au wayo unajipinda, au goti halina utulivu. Katikati yake iko yenye bawaba, inazuia wayo kushuka lakini inauruhusu muundi kwenda mbele, na kwa maisha yetu hii ina faida yake kwa sababu ukitoka kwenye kiti cha chini, ukipanda ngazi au ukiinama, muundi lazima uiname kwenda mbele, na bresi ngumu inakataa. Lakini bawaba kwa mtu aliyekakamaa vibaya inaweza kumchokoza msuli kila hatua, mguu ukaanza kutetemeka. Zipo pia za kaboni, nyepesi na zinanesa vizuri ila bei yake iko juu, na zipo zile za zamani za vyuma viwili na ngozi zinazochomekwa kwenye buti, ambazo bado zina kazi kwa mtu ambaye mguu unavimba na kunywea kila siku kwa sababu hazimgusi ngozi sana.

Na usichukue bresi ya marehemu shangazi au ya jirani aliyepona. Naelewa kabisa kwanini watu wanafanya hivo, hela hazipo na kifaa kipo kinakaa kabatini. Lakini ile imetengenezwa juu ya umbo la mguu wa mtu mwingine na kwa tatizo la mtu mwingine.

Kutengeneza kwenyewe ni kazi ya mikono nzuri sana kuiangalia. Unafungwa bendeji ya plasta kama hogo, fundi ameushika mguu kwenye pembe anayoitaka mpaka pakauke, halafu anakata na kulitoa lile ganda. Ndani yake anamimina plasta ya maji, ikiganda anapata sanamu ya mguu wako. Sanamu hiyo anaichonga kwa tupa, anaongeza plasta pale penye mifupa inayotokeza ili bresi isiguse hapo, anapunguza pale panapotakiwa kubeba nguvu. Kisha karatasi ya plastiki ya polipropilini ya milimita kadhaa inaingia kwenye oveni mpaka inakuwa laini na kung'aa, inavutwa juu ya sanamu na pampu inafyonza hewa ili ishike kila kona. Ikipoa inakatwa. Na hapo kwenye kukata ndo palinifundisha ufundi ni nini: kuna vile vifupa viwili vinavyotokeza pembeni pa kifundo, fundi akipitisha ukingo nyuma yake bresi inalainika na kunesa, akiupitisha mbele yake bresi inakuwa ngumu haichezi. Plastiki ileile, sanamu ileile. Fundi mzuri anaanza kwa kuacha ngumu, anakuangalia ukitembea, halafu anapunguza kidogokidogo, kwa sababu ukishakata huwezi kurudisha.

Kwa Tanzania mafundi wa kazi hii wanafundishwa Moshi, kwenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, kilichoanza 1981 na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Karakana zipo hapo KCMC, Dar zipo taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT. Kenya wanafundishwa kwenye chuo cha tiba cha KMTC Nairobi. Ukifika hospitali ya rufaa yoyote ulizia "viungo bandia", usiogope jina, watu wengi wanadhani hapo ni kwa waliokatwa miguu tu na wanapita mlangoni bila kuingia. Na kama una bima uliza kabla ya kupimwa, siyo baada.

Sasa nije kwenye kiatu, ambacho kwa maoni yangu ndo sehemu inayoharibu bresi nyingi huku kwetu. Bresi haifanyi kazi peke yake, inafanya kazi ndani ya kiatu, na pembe yake imepangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu ulichoenda nacho siku ya kupima. Ukapimwa na raba yenye kisigino cha sentimita moja halafu nyumbani ukavaa kitu flati kabisa, muundi wote unalala nyuma na goti linarudi kugonga. Ukavaa kiatu cha kisigino kirefu, unasukumwa mbele. Kwa hiyo nenda na kiatu utakachokivaa kweli, kiwe kimefunguka mbele vizuri, kina kamba au mkanda, na kiwe kikubwa kidogo kuliko kawaida au utoe soli ya ndani, maana plastiki nayo inakula nafasi. Ndala na yeboyebo hazifai, bresi inateleza humo.

Halafu sisi tunavua viatu mlangoni. Baba alikuwa anatembea vizuri barazani, akiingia ndani anavua kiatu anabaki na bresi tupu kwenye marumaru, na plastiki kwenye marumaru ni kama sabuni. Mara nyingine anavua vyote anaenda pekupeku chooni usiku, na ndiko alikokuwa anaangukia. Tulichofanya tukamnunulia raba ya pili ya kimo kilekile, safi, ya ndani tu, haitoki nje ya mlango. Mama mwanzoni alikataa, kiatu kwenye zulia lake, baadaye akakubali. Kwa wanaoswali kuna suala la udhu, kuvua na kuvaa mara tano, hilo la kupaka maji juu ya kifaa muulizeni sheikh wenu mapema ili mgonjwa asiwe anasita kila adhana, na kama anaswali kwenye kiti mambo yanakuwa mepesi zaidi.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Soksi ndefu ya pamba kwanza, isiwe na mkunjo. Mtu akae, goti likunjwe, kisigino kiingizwe mpaka nyuma kabisa, kisha ufungwe mkanda wa kifundoni ndo ufuate wa juu. Kisigino kikiwa hakijakaa nyuma bresi nzima inakuwa imevaliwa uongo. Siku za kwanza avae kwa muda wa saa moja, avue, uangalie ngozi yote, hasa kisigino, vile vifupa vya pembeni na chini ya dole gumba. Wekundu unaopotea ndani ya nusu saa ni kawaida. Usiopotea, au lengelenge, au ngozi kuwa nyeusi kuliko pembeni yake (kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, gusa, kama pana joto au uvimbe pana shida) basi avue na mrudi kwa fundi, asiendelee kuvumilia. Kiharusi kinaweza kuondoa hisia za mguu, na kama ana kisukari pia ndo kabisa, kidonda kinaweza kufika mbali yeye hajasikia kitu. Joto la pwani linafanya jasho lijae, soksi zibadilishwe mchana na bresi ipanguswe kwa maji na sabuni, ikauke kivulini.

Inasaidia kiasi gani kweli? Tyson na Kent, watafiti wa Uingereza, mwaka 2013 walikusanya majaribio 13 yenye watu 334 na wakaona watu wa kiharusi wakivaa AFO wanatembea vizuri zaidi na wanaweka uzito kwenye mguu dhaifu kuliko wasipovaa, ila kwenye vipimo vya kuinuka kitini na kupanda ngazi huku sekunde zinahesabiwa faida haikuwa wazi. Majaribio mengi yalipima papo hapo, mtu na bresi halafu bila bresi. Kwa hiyo ni kifaa cha kutembelea leo, hakitibu ubongo.

Njia rahisi ya kuona kama inakusaidia wewe ni kupima kasi. Pima mita 10 kwa kamba, mgonjwa aanze nyuma kidogo ya alama ili awe keshashika mwendo, mtu atembee pembeni yake, mwingine ashike saa ya simu. Wataalamu wanachukulia kwamba chini ya mita 0.4 kwa sekunde, yaani zaidi ya sekunde 25 kwa hizo mita 10, mtu anaishia kutembea ndani ya nyumba. Kufika 0.8, sekunde kama 12 na nusu, ndo anaanza kumudu barabara na soko. Pima bila bresi na ukiwa nayo. Namba hiyo inamwambia fundi mengi kuliko "anaendelea vizuri".

Kuhusu kuvaa mapema au kusubiri, Waholanzi pale Enschede waliwagawa wagonjwa 33, wengine wakapewa wiki ya kwanza ya utafiti na wengine wiki ya tisa. Waliopewa mapema walipata nafuu ya kutembea mapema, ila baada ya wiki 26 makundi yote yalikuwa sawa. Kilichonigusa mimi ni kwamba wiki nane za mwanzo wale wa mapema walianguka zaidi, na sehemu kubwa ya hizo ajali kifaa hakikuwa mguuni. Mtu anapata ujasiri mchana, usiku anainuka bila bresi na ujasiri uleule. Hiyo ilikuwa baba yetu mtupu.

Na lile gumzo la kila nyumba, kwamba mguu utazoea kubebwa na msuli utakufa. Shangazi zangu waligombana na fizio kwa hili. Hofu yao ina msingi, bresi ikiwa mguuni ule msuli wa mbele unafanya kazi kidogo zaidi wakati huo. Lakini watafiti walewale wa Enschede walipima umeme wa msuli huo baada ya wiki 26 za kutumia na hawakukuta kwamba umedhoofika kwa sababu ya bresi. Mimi naona mtu aliyekaa kwenye kiti kwa kuogopa kuanguka ndo anayepoteza misuli, na ya mguu mzima pia. Avae anapotembea, avue kwenye mazoezi ya kuinua wayo na kunyoosha shavu la mguu, vyote vinakaa siku moja.

Kuna pia kifaa cha umeme kinachofungwa chini ya goti na kuishtua neva ili wayo ujiinue. Jaribio la Marekani la 2013 lenye watu 197 lililinganisha hicho na AFO kwa wiki 30, kasi ikaongezeka makundi yote bila kupishana, ingawa wenye cha umeme walikipenda zaidi. Kama huwezi kukipata hujakosa kutembea.

Mguu wa kiharusi unabadilika, hasa mwaka wa kwanza. Bresi ya baba ilianza ngumu kabisa. Mwezi wa tano fundi akapitisha ukingo nyuma kidogo ya vile vifupa, mzee akatembea barazani mara tatu, akasimama akasema "hii sasa inanesa", fundi akasema basi mzee wangu tuishie hapo kwa leo, njoo tena baada ya miezi mitatu, uje na viatu vyote viwili.